Mgomba wa Leipzig

Machame,
14 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako anaendelea vizuri. Tangu juzi anatembea mwenyewe hadi jikoni, na jana alimaliza bakuli zima la mtori. Mguu bado umevimba kidogo, ila daktari ameridhika. Baba yako anapanda kila Jumamosi kutoka mjini, analala, anashuka Jumapili baada ya ibada. Natumaini masomo yameanza vyema.

Nina mengi ya kukuambia. Niliondoka kwa haraka, nikakuachia nyumba kama mtu anayetoka kwenda dukani. Sasa nimeona wazi kwamba sitarudi Leipzig kabla ya mwaka mpya. Majira yako ya kwanza ya baridi yatakukuta peke yako katika nyumba yangu na bustani yangu, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa hapo nikuonyeshe kwa mkono. Kwenye simu tunaongea mengi, kesho yake yamepotea. Kwa hiyo nimetumia mapumziko haya ya Siku ya Nyerere kukuandikia. Mama mmoja wa usharika wetu anarudi Leipzig keshokutwa, atakuletea barua hii. Isome yote, kisha ibandike mlangoni mwa jokofu.

Anza na maji ya bustani. Kwenye ubao wa matangazo getini watabandika siku ambayo maji ya bustani zote yatafungwa, na mara nyingi huwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wao hufunga bomba kuu tu. Yaliyobaki ndani ya mabomba yetu ni juu yetu. Fungua koki zote mbili, ya nje na ya ndani ya banda, uziache wazi mpaka machipuko. Legeza kiungio kilicho chini ya sinki, weka ndoo, maji yatoke yote. Pipa la mvua lipindue. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga koki vizuri kabisa, nikaona nimefanya la maana. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na chuma hakitanuki nayo. Mwezi Machi nilikuta bomba limepasuka urefu wa shubiri mbili, na maji yalipofunguliwa tena banda zima liliogelea. Koki iliyofungwa ndiyo iliyoniponza, maana iliyazuia maji mle ndani.

Usikidharau kile kipande cha ardhi, mwanangu. Bustani za namna ile zilianzia hapo hapo Leipzig. Mwaka 1864 mwalimu mkuu mmoja, Ernst Innozenz Hauschild, aliunda chama cha wazazi kilichotaka watoto wa mjini wapate uwanja wa kuchezea, akakiita kwa jina la daktari Moritz Schreber aliyekuwa ameshafariki. Pembeni mwa uwanja wakawekwa vibustani vya watoto, wazazi wakavichukua, na leo Ujerumani nzima inaita bustani zile kwa jina la Schreber. Sheria haikubali zizidi mita za mraba 400, na banda lisizidi mita za mraba 24. Theluthi moja lazima iwe matunda na mboga, wala hawakuachii upande majani ya kulalia tu. Wengine wanalalamika. Mimi niliposomewa sharti hilo nilijiona niko kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani. Kwetu nani aliacha ardhi ikae bure?

Sasa mgomba. Huu nakuomba uushughulikie kwa mikono yako mwenyewe, usimwachie jirani hata akijitolea. Wajerumani wanauita mgomba wa Kijapani, ingawa asili yake ni China. Ndizi zake hazilikiwi, ni mbegu tupu. Lakini jani ni jani la mgomba. Siku za mvua mwezi Julai hukaa chini yake nikasikia mlio ule ule wa kihamba cha Bibi. Niliununua ukiwa mche wa urefu wa mkono, mwaka ule babu yako alipofariki nami sikupata ruhusa ya kuja kumzika. Sikuwa na kaburi la kuendea, nikapanda mgomba. Ndiyo maana nakusisitizia.

Subiri baridi ya kwanza iyachome majani. Asubuhi moja utayakuta meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Usiogope. Kata majani yote, shina libaki kimo cha kifua chako. Lile duara la waya wa kuku liko nyuma ya banda. Lizungushe, liache nafasi ya kiganja na nusu pande zote, kisha jaza majani makavu hadi juu, ukishindilia kidogo kidogo kwa mkono. Majani ya mwaloni ndiyo bora kwa sababu hayaozi upesi, na njia ya kuelekea bustanini imejaa mialoni. Juu funika na lile bati lenye mbao, ulikandamize kwa tofali. Pembeni usifunge nailoni. Mtu anayeanza hufikiri nailoni ndiyo inayoleta joto, kumbe inazuia pumzi, shina likakaa na unyevu na kuoza. Kinachoua mgomba ule ni maji kuliko baridi. Hata shina likifa lote, kisiki kilicho chini ya udongo kikikingwa vizuri kitachipua tena, kwa hiyo kitako cha mgomba nacho kifunike kwa majani kimo cha goti.

Mengine bustanini ni mepesi. Dalia zing'oe baada ya baridi hiyo hiyo ya kwanza: kata mabua yabaki kama sentimita 10, chimba kwa uma kwa upole, kung'uta udongo, acha viazi vyake vikauke siku chache, kisha vipange kwenye kreti lenye mchanga mkavu uvishushe kwenye stoo ya chini ya jengo. Vitunguu saumu vipande sasa, punje moja moja, ncha juu. Visipopitia baridi havigawanyiki, vinatoka kitunguu kimoja cha duara kisicho na punje. Waridi zikusanyie udongo shinani kama unavyopalilia mahindi. Shina la mtufaha lifunge ule utepe wa gundi mapema iwezekanavyo. Kuna nondo wa majira ya baridi ambaye jike lake haliwezi kuruka, hupanda mti kwa miguu kwenda kutaga mayai, na gundi ndiyo humkamata. Mwezi Desemba, siku isiyo na mvua, paka shina hilo chokaa. Mwezi Februari jua la mchana hupasha gamba moto, usiku baridi inaligandisha, gamba linapasuka. Rangi nyeupe hurudisha jua.

Ile mboga ya majani yaliyokunjamana kando ya uzio usiichume bado. Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, jamii moja ya kabichi. Baridi ikiipiga huongeza sukari kwenye majani, nayo inakuwa tamu kuliko utakavyodhani. Chuma mwezi Desemba, pika kwa kitunguu na karanga kama tunavyopika huku.

Na tafadhali usifagie kila kitu. Rundo la majani na vijiti pembeni mwa mboji liache kama lilivyo, usilichome, usilichokoe kwa uma. Kalunguyeye amelala humo miaka mitatu sasa. Anaingia kama Novemba na hatoki mpaka kama Machi au Aprili, na ukimwamsha katikati anamaliza mafuta aliyojiwekea na kufa njaa.

Nimeandika ya mimea kwanza maana hayo yana tarehe. Lakini lililonitoa usingizini usiku wa jana ni lako wewe.

Watu watakutisha kuhusu baridi. Baridi dawa yake ni koti, na koti unalo. Kilichoniangusha mimi mwaka wa kwanza ni giza. Jumapili ya tarehe 27 mwezi huu saa zitarudishwa nyuma, saa 9 ya usiku inakuwa saa 8, na jioni yake utashangaa jua limezama kabla ya saa 11. Kuanzia hapo litakuwa linakimbia. Tarehe 21 Desemba litachomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 alasiri, na kati ya hapo pengine usilione kabisa kwa mawingu. Sisi tuliozaliwa mahali ambapo jua halibadilishi ratiba hatuna maandalizi ya jambo hili mwilini. Mimi sikujua kinachonipata. Nililala kwa saa 12, nikaamka nimechoka. Nikaacha kwenda kanisani, nikaacha kupika, nikawa nakula mkate umesimama dirishani. Nilijiambia ni uvivu, nikajigombeza, na kujigombeza kukaniongezea uzito. Bibi yako aliisikia sauti yangu kwenye simu akaniuliza, "Unaumwa nini?" Nikamjibu siumwi.

Aliyenitoa ni bibi wa Kijerumani wa bustani ya jirani. Alinigongea mlango Jumamosi moja ya Novemba, hakuuliza hali yangu, akaniwekea reki mkononi. Tulikusanya majani mpaka saa 9 alasiri, hatukuzungumza sana, Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwangaza ukiwepo, hata wa kijivu, mtu atoke nje, nusu saa tu, kila siku, na kwamba kazi ya bustani mwezi Novemba inamlinda mtu kabla ya kuilinda mimea. Nami nakuagiza vivyo hivyo. Ukiwa na kipindi asubuhi, toka saa 6 mchana. Usisubiri kujisikia vizuri ndipo utoke. Pia nenda kwa daktari akupime vitamini D. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la kule liko chini mno kuitengeneza mwilini, na ngozi zetu zinahitaji jua zaidi. Na ukiona siku tatu zimepita hujataka kuongea na mtu, nipigie, hata usiku wa manane. Usinijibu kama nilivyomjibu Bibi.

Ndani ya nyumba sina maneno mengi. Vile vyuma vya joto ukutani vikilia kama vinagugumia maji, vina hewa ndani. Ufunguo mdogo wa pembe nne uko kwenye droo ya vijiko. Legeza nusu mzunguko, shika kikombe chini, hewa itoke mpaka maji yaanze, funga. Usizime kabisa hata ukisafiri. Madirisha yafungue wazi yote dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha yafunge; usiyaache yameinama kidogo siku nzima, kuta zinapoa na ukungu mweusi unaota pembeni mwa kabati. Nguo usianike chumbani kwa kulala. Na masale yangu mawili yaliyo kwenye balkoni yaingize wiki hii hii. Yakishapigwa na baridi hayaponi, nayo yametoka kwenye mpaka wa kihamba chetu, nayajua mama yake na bibi yake. Yape maji kidogo tu mpaka Machi.

Sasa Krismasi. Madukani utaona mikate ya matunda imepangwa tangu Septemba, lakini usianze kupamba. Kule Saksonia, watu wanaozijali desturi hawawashi taa yoyote ya Krismasi kabla ya Jumapili ya Kuwakumbuka Marehemu kupita. Mwaka huu ni tarehe 24 Novemba. Siku hiyo Walutheri wa kule husoma kanisani majina ya waliofariki ndani ya mwaka, na wiki za kabla yake hufunika makaburi kwa matawi ya msonobari ili maua yasigande. Nilipoona mara ya kwanza nililia, kwa sababu ni kazi ya huku. Wiki iliyopita tu baba yako na vijana walikuwa wakipalilia makaburi ya kihambani ili Desemba, watoto wote watakapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, wakute wazee wao wamesafishwa. Yule bibi wa reki amezikwa makaburi ya kusini, upande wa ukuta, mstari wa tatu ukiingia lango dogo. Hakuacha mtoto. Nakuomba mpelekee matawi kwa niaba yangu, kabla ya tarehe 24, uyapange kama vigae, yakilaliana.

Baada ya hapo, washa. Jumamosi ya tarehe 30 Novemba itoe ile nyota kwenye sanduku juu ya kabati. Nayo ilikuwa ya yule bibi. Ina ncha 25 na utaiunganisha mwenyewe ncha kwa ncha. Usikate tamaa, saa nzima inatosha. Ilianza kama somo la hesabu katika shule ya Wamoraviani, hao hao waliofika Rungwe mwaka 1891, miaka miwili kabla wamisheni wa Leipzig hawajafika hapa Machame. Itundike dirisha la mtaani. Lile tao la mishumaa la mbao liweke dirisha la jikoni. Asili yake ni milima ya wachimba madini, kusini mwa Saksonia. Wanaume wale walishuka mgodini kabla ya mapambazuko na kutoka baada ya magharibi, wiki nzima hawaoni jua, ndiyo maana kila nyumba iliweka taa dirishani. Tao la zamani kabisa linalojulikana lilitengenezwa Johanngeorgenstadt mwaka 1740, la chuma. Ukipita mitaani jioni za Majilio utaona dirisha baada ya dirisha, na kila moja limewashwa kwa ajili ya aliye nje. Wewe pia usifunge mapazia.

Shada la Majilio tengeneza mwenyewe kwa matawi na mishumaa minne, mmoja kila Jumapili. Chungulia kila wiki, matawi hukauka na kushika moto kirahisi. Usilale wala usitoke sebuleni mshumaa ukiwaka. Na tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, kata matawi matatu ya mcheri wetu, yale yenye vichomozo vinene. Yawe yameshapigwa na baridi. Kama haijaganda bado, yalaze usiku mmoja kwenye friza. Yaweke kwenye maji ya uvuguvugu chumbani, badilisha maji kila siku ya tatu. Yakitunzwa vizuri yanachanua maua meupe Krismasi yenyewe, theluji ikiwa nje. Sijawahi kuzoea jambo hilo.

Kumbuka sikukuu yao kubwa ni jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa saa 8 mchana siku hiyo na hayafunguliwi tena mpaka tarehe 27, kwa hiyo kununua kumalizike tarehe 23. Jioni hiyo kila mtu hujifungia na watu wake, mtaa unakuwa kimya kama umehamwa, na huo ndio usiku mgumu kuliko yote kwa mgeni. Usikae peke yako. Nimeshaongea na mama anayekuletea barua, nyumbani kwake mtakuwa watu kumi na zaidi, pilau lipo. Kabla ya kwenda, pita kwa mzee wa ghorofa ya chini na sahani ya biskuti, ukae naye dakika 20. Mke wake amefariki Agosti, na ukimya wa jengo lile siku hiyo ataupata zaidi yako.

Ukipata tiketi, nenda pia ukasikilize Oratorio ya Krismasi ya Bach katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Iliimbwa mara ya kwanza hapo Leipzig, kuanzia Krismasi ya 1734, na kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ina zaidi ya miaka 800. Kaa upande wa kushoto karibu na nguzo ya tatu, kuna bomba la joto chini ya benchi.

Hela ya matawi, mishumaa na chokaa nimemwachia mama anayekuletea barua. Ufunguo wa banda uko ndani ya kopo la maharagwe, rafu ya juu. Bibi anakusalimu sana na anakuombea. Kila asubuhi ananiuliza kama baridi imeshafika kwenye mgomba, nami namwambia bado, nasubiri wewe unitumie habari.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.